Chupa ya Kwanza ya Mwalimu Ombeni

Siku niliyorudisha funguo za duka, Rehema, muuzaji mwenzangu, aliniomba jambo moja. "Mama Jeni, tuandikie basi ile ishu ya bourbon. Mteja akija hajui kitu, sie tunaanzia wapi?" Nikamjibu kwamba nitaandika ukurasa mmoja. Sasa ni wiki ya tatu nimekaa hapa barazani kwangu Kiwalani, ndege zinapita juu ya bati, na ukurasa mmoja umegoma kubaki mmoja. Kila nikifika pale pa kueleza mteja asiyejua kitu, namwona Mwalimu Ombeni amesimama mlangoni na mfuko wake wa kaki. Kwa hiyo nawaandikia yote. Vyeo sitavitaja, vilikuwa viwili, na cha pili kilikuwa jina tu. Mshahara nao naupitia mbali.

Kazi ya kuuza vinywaji niliianzia hapahapa Kiwalani, kwenye grosari ya shemeji yangu, baada ya kiwanda nilichokuwa nashona nguo kufungwa. Jeni alikuwa mdogo. Baba yake alikwenda Mbeya kutafuta kazi, akaipata, akabaki nayo. Mteja wangu wa kwanza kabisa, siku ya kwanza, alikuwa fundi rangi, mikono yote myeupe. Akaniambia, "Sista, nipe kitu cha kusahau." Mie kwa ugeni nikamuuliza, kusahau nini? Shemeji akanivuta pembeni. "Huku hatuulizagi," akasema. "Tunamimina."

Nikamimina miaka tisa. Nilijifunza kumtambua aliyekuja kunywa na aliyekuja kuonekana anakunywa, na yule ambaye atabebwa kabla jua halijazama. Yule fundi rangi nilimzika, na wengine wawili waliokuwa wakiniita sista. Nawaambia haya mapema msije mkadhani naandika kuisifia pombe. Sijawahi kuisifia. Niliiuza vizuri, basi.

Halafu Mbweni ikaanza kujengwa. Nyumba zikapanda, watu waliokuwa wameishi ng'ambo wakarudi na ladha zao, na tajiri mmoja akafungua duka lenye vioo, kiyoyozi na rafu zinazowaka taa. Shemeji alikuwa anamfahamu meneja. Nikaenda kufanyiwa usaili nimevaa gauni la kanisani. Waliniuliza kama nanywa. Nikasema sinywi. Wakafurahi, kana kwamba nimesema nina shahada.

Aliyenipokea dukani alikuwa Mzee Mwakalinga. Mnyakyusa, mrefu, mkimya, aliyekuwa amehudumu kwenye baa za hoteli za mjini tangu ujana wake. Alionja kila kitu kilichoingia dukani na kutema kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa chini ya kaunta. "Muuza pombe anayekunywa," aliniambia, "ni mfugaji anayekula vifaranga." Kisha akanisimamisha mbele ya rafu ya wiski za Kimarekani, akaniambia nisome. Nikasoma jinsi ilivyoandikwa: bo-ur-bon.

"Hiyo ni ya kuandika," akasema. "Ya kutamka ni kama beben. Lakini mteja akikutamkia boriboni, na wewe sema boriboni. Hajaja hapa kufundishwa ulimi."

Alinifundisha kuanzia kwenye nafaka. Bourbon ni wiski ya mahindi, zaidi ya nusu yake lazima iwe mahindi, na huko ndiko unakotoka ule utamu. "Umekula ugali maisha yako yote, Mama Jeni. Usiiogope." Pombe hiyo hulazwa kwenye pipa jipya la mti wa mwaloni, pipa ambalo limechomwa moto kwa ndani hadi likafanya mkaa. Rangi yote unayoiona inatoka kwenye mti ule, na ile harufu ya vanila na sukari iliyoungua pia. Pipa likishatumika mara moja, bourbon hailirudii. Nilimuuliza yanakwenda wapi. Akasema yanauzwa kwa wengine wenye wiski za aina nyingine. "Mitumba," akasema, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona anacheka kazini.

Basi Rehema, uliyoyataka ni haya. Mteja mgeni akiingia, usimpeleke kwenye chupa nzuri. Chupa nzuri ni ya kabati. Kuna bwana mmoja wa hapo Mbweni alinunua ya umbo la farasi, akaimaliza, na miaka yote akawa anaweka chai ya rangi ndani yake ili wageni waione imejaa. Tafuta kwenye karatasi neno "straight". Likiwepo, ujue imelala kwenye pipa miaka miwili au zaidi na haikutiwa rangi wala ladha ya kuongezea. Zile zenye asali na tufaha ni juisi iliyokasirika, msimpe mtu anayetaka kujifunza. Kisha tazama nguvu. Asilimia arobaini hadi arobaini na tano inamtosha anayeanza. Ikivuka hamsini itamchoma ulimi na hataonja kitu. Chupa nyingine zina namba mbili, ya pili ni mara mbili ya asilimia. Mteja akiona tisini anadhani ni spiriti ya hospitali, kwa hiyo mweleze kabla hajakimbia. Umri nao usimtishe. Miaka minne hadi sita inatosha. Ikikaa sana kwenye pipa mti unatawala, na mgeni anajikuta anakunywa mbao.

Muulize anapenda chai yake vipi. Akisema ya maziwa, laini, mpe ile ambayo mahindi yake yamechanganywa na ngano. Akisema ya tangawizi na pilipili manga, mpe yenye nafaka inayoitwa rai, hiyo inawasha. Mmiminie kidogo, aiache ipumue. Anuse mdomo ukiwa wazi kidogo, maana akifunga mdomo kilevi kitampiga puani na hatasikia kingine. Kisha matone ya maji, mawili matatu. Mie nilitumia kichupa cha dawa ya macho nilichokichemsha, na mpaka nastaafu sikuwahi kupata kifaa bora zaidi, ingawa wauzaji walituletea vya kioo kwenye maboksi yenye velveti.

Mzee Mwakalinga alikufa kwa ini. Mtu ambaye hakumeza pombe maisha yake yote. Ilikuwa homa ya ini aliyoipata ujanani, madaktari walisema hivyo wazi. Lakini msibani kwake, chini ya turubai, nilisikia watu wakinong'ona, "Pombe imemmaliza, si alikuwa anaishi nayo?" Niliwaambia watatu kwamba mzee alikuwa anatema. Wa tatu aliniangalia kwa huruma, akaniuliza na mie nimeanza lini. Kopo lake nililiosha nikampa mke wake, naye hakuelewa kwa nini.

Ilikuwa masika ya mwaka uliofuata Mwalimu Ombeni alipoingia. Mchana, mvua imepungua, duka tupu. Mzee wa miaka sabini hivi, shati jeupe limefungwa hadi shingoni, viatu amevifuta matope kwa karatasi kabla ya kukanyaga sakafu yetu. Ameshika mfuko wa kaki kifuani, mikono yote miwili.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Hujambo mama?"

"Sijambo. Karibu. Nikusaidie nini?"

Akatazama rafu zote, taratibu, kama mtu anayehesabu wanafunzi. "Nataka kujifunza bourbon," akasema.

Nikamuuliza kama ni zawadi. Wazee wa aina yake walikujaga kununulia wakwe.

"Hapana. Ni yangu mwenyewe. Ila mie sijawahi kunywa. Mie ni mzee wa kanisa, kule Kibamba. Nimekuja huku kwa sababu huku hanijui mtu."

Nikamvutia kiti. Alikaa, akafungua mfuko, akatoa koti. Koti la kazi, zito, la kijivu, viwiko vimechakaa. Akalikunjua juu ya kaunta yangu kwa uangalifu, akanisogezea kola. "Nusa," akasema.

Nikanusa. Ilikuwa sukari iliyoungua, mbao iliyolowa, na kitu kama ndizi mbivu iliyosahauliwa kabatini. Chini yake kulikuwa na jasho la mtu.

"Ni la mwanangu," akasema. "Elia. Nataka inayonukia hivyo."

Hadithi yenyewe aliitoa vipande vipande, nami naiweka pamoja hapa. Elia alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda Amerika kusoma uhandisi, masomo yakamshinda, akapata kazi kwenye ghala la mapipa ya bourbon, kuyaviringisha, kuyapanga na kuyakagua kama yanavuja. Akampigia baba yake simu kumweleza, kwa furaha. Na Mwalimu, ambaye alikuwa amewafundisha watoto wa Kibamba miaka thelathini kwamba ulevi ni kaburi, akamjibu maneno ambayo aliyarudia kwangu kwa sauti ya darasani: "Usinipigie tena mpaka uache kuwatengenezea watu ulevi."

Elia akatii. Alikuwa mtoto mtiifu, Mwalimu alisema, hilo ndilo lilikuwa tatizo. Miaka minne alizungumza na mama yake tu. Kisha asubuhi moja ya baridi, akitoka kazini, gari lake liliteleza kwenye barafu. Mwili ulirudishwa, wakauzika. Baada ya mwezi likaja boksi kutoka kwa wenzake wa ghalani: viatu, kofia, lile koti, na kadi yenye sahihi nyingi. Mmoja aliandika kwamba Elia aliwaambia daima baba yake ni mwalimu.

"Nilidhani litanuka ulevi," Mwalimu akasema. "Nimeshika walevi wengi, najua wanavyonuka. Hili halinuki hivyo. Hili linanuka vizuri, Mama Jeni. Mie nilimfukuza mtoto kwa harufu ambayo siijui."

Nilimuuliza jina la hilo ghala. Alikuwa nalo, limeandikwa kwenye kadi, lakini wale walikuwa wanahifadhi mapipa ya wengine. Chupa yenye jina lao haipo popote. Nikamwambia tutatafuta kwa pua. Alikubali, akatoa daftari la mazoezi kutoka mfukoni, akaandika tarehe juu na kupiga mstari.

Akawa anakuja kila Alhamisi alasiri. Nilikuwa na chupa za kuonjesha ambazo mawakala walituachia, hivyo sikuhitaji kufungua za kuuza. Nammiminia moja, anainusa mdomo wazi nilivyomfundisha, kisha ananusa kola ya koti, kisha anatikisa kichwa na kuandika. Maneno yake yalikuwa yake mwenyewe. "Hii ina dawa ya meno." "Hii ni chaki mpya." "Hii inakaribia, lakini ina haraka." Kumeza, hakumeza. Nilimpa kopo la kutemea, kama nilivyopewa na Mzee Mwakalinga.

Na katikati ya chupa na chupa alimzungumzia Elia. Jinsi alivyojifunza kusoma kwa kusoma magunia ya mbolea. Jinsi alivyoiba baiskeli ya baba yake akaenda nayo hadi Mlandizi, akarudi ameibeba begani kwa sababu tairi limepasuka na hakutaka kuiharibu rimu. Mwalimu alimchapa siku ile. "Alikuwa ameibeba begani, Mama Jeni. Kilomita zote hizo. Na mie nikamchapa kwa kuiba." Alisimulia akitazama glasi. Mteja mwingine akiingia, ananyamaza, analifunika koti kwa mfuko, anasubiri.

Sasa nifike mahali pagumu. Kuna jambo nililijua tangu siku ya kwanza na sikumwambia. Pipa likilala ghalani, kila mwaka sehemu ya pombe inapenya kwenye mti na kuondoka na hewa. Harufu inayojaa ghala lile, inayoingia kwenye nguo za wanaofanya kazi humo, ni ya kile kilichoondoka. Kinachokuja dukani kwenye chupa ni kile kilichobaki. Vinafanana kama ndugu wanavyofanana, lakini si kimoja. Hakuna chupa duniani ambayo ingenukia kama koti lile. Ningemwambia hivyo kwa dakika mbili. Sikumwambia kwa sababu aliingia na matumaini, na baadaye kwa sababu nilizizoea Alhamisi. Jeni ameolewa Mwanza. Nyumbani kwangu hakuna mtu anayeniambia harufu ya kitu.

Alhamisi moja alimeza. Hakunitahadharisha. Nilikuwa nimempa ile ya ngano, asilimia arobaini na tano, na matone mawili ya maji. Akanusa, akakaa, kisha akanywa kama mtu anayekunywa dawa. Alikohoa. Machozi yakamtoka, ya kikohozi kwanza.

"Kumbe ni mahindi," akasema. "Mahindi kabisa. Yanakuja mwishoni."

"Yanakuja mwishoni," nikakubali.

"Alikuwa analinda mahindi." Akafuta uso kwa kitambaa. "Mie nilidhani nini?"

Wiki mbili baadaye akaja na mfuko mtupu. Hakukaa. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Mama Elia amelifua," akasema. "Nililificha kwenye sanduku, akalikuta. Amelifua kwa sabuni ya unga, ameliloweka usiku kucha, kalianika juani. Linanuka sabuni."

"Pole sana, Mwalimu. Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Amesikia pombe ndani ya nyumba ya mzee wa kanisa, akaiondoa. Ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe." Akanitazama. "Sasa wewe ndiye umebaki unakumbuka. Pua yangu mie ni ya kuazima. Niambie, katika zote tulizozijaribu, ipi ndiyo?"

Nyie mtakutana na swali hili, labda si kwa uzito ule. Mteja atashika chupa na kukuuliza, "Ndiyo yenyewe?" Mzee Mwakalinga alinifundisha kusema "inakaribia", "wengi huipenda", "jaribu uone". Alinifundisha kutosema "ndiyo yenyewe" hata kwa mtu anayelia, kwa sababu pombe haina "yenyewe"; kila mdomo una yake.

Nilichukua ile ya ngano kwenye rafu. Chupa nzima, haijafunguliwa. "Ni hii," nikasema.

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, Mwalimu."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaifungia kwenye gazeti, akaitia kwenye mfuko wa kaki, akanishukuru kwa jina langu lote la ubatizo ambalo sikumbuki nilimwambia lini. Ilikuwa chupa ya kwanza maishani mwake. Niliwahi kuwauzia watu vitu ambavyo hawakuvihitaji, na wengine vitu vilivyowaua, lakini pale Mbweni sikuwa nimemdanganya mteja mpaka siku ile.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala nyingine. Nilijiambia amepata alichokitaka. Niliendelea kuwachagulia wengine. Walikuja mabwana harusi, wakaja vijana waliotaka wiski ya kupiga nayo picha, akaja mama mmoja aliyetaka ya kuchomea nyama, na kwa kweli inafaa. Mwezi wangu wa mwisho kazini, Rehema akiwa mapumziko ya chakula, aliingia mama mmoja mtu mzima, kitenge cheusi, daftari la mazoezi mkononi. Nililitambua daftari kabla ya kujua yeye ni nani.

Nilijua amekuja kunilaani, na nilikuwa nimejiandaa kukubali.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Mama Jeni?"

"Ndiye mimi."

"Mie ni Mama Elia." Akakaa kwenye kiti kilekile, bila kukaribishwa. "Mwalimu ametutoka. Ilikuwa presha. Tumemaliza matanga juzi."

Nilimpa pole. Akaipokea kwa kichwa. Kisha akasema kwamba chupa ameiona. Imepungua vidole viwili tu, ilikuwa nyuma ya vitabu vya nyimbo. Na daftari amelisoma lote. Humo kuna jina langu, na mwishoni Mwalimu ameandika mstari mmoja: hii ndiyo harufu ya kazi ya Elia.

"Nikaifungua nikainusa," akasema. "Siyo."

Akaliweka daftari juu ya kaunta.

"Siyo hata kidogo, mama. Mie nililijua lile koti. Siku niliyolikuta nililikumbatia asubuhi nzima, sikupika, sikufagia. Nililijua mpaka kwenye mfuko wa ndani. Hii siyo."

"Ni kweli, siyo," nikamwambia. "Nilimdanganya. Aliniuliza nikaona huruma. Nisamehe."

Akatikisa kichwa, kama jambo lile halikumleta. Ndipo nikamuuliza. Kama alilikumbatia hivyo, kwa nini alilifua? Alihofia kanisa?

"Kanisa?" Akanishangaa. "Elia tangu mtoto nguo zake nilifua mie. Mpaka anapanda ndege, nilimfulia mie, kwa mkono. Alikuwa ananuka sabuni na jua. Lile koti lilikuwa linanuka mtu mzima simjui. Nilitaka nimpate wangu. Nikafua, nikaanika, nikaliingiza ndani, nikampata. Siku mbili nilikuwa naye." Akalaza mikono juu ya daftari. "Mwalimu aliliona kwenye kamba, akapita. Hakusema neno. Nikajua hataki kumkumbuka."

Nikamweleza kwamba Mwalimu alidhani amelifua kwa hasira ya pombe. Akalifungua daftari, akalifunga tena.

"Nikuambie nilichokuja nacho," akasema mwishowe. "Tangu siku ile ya simu mpaka anaingia kaburini, Mwalimu nyumbani hakutaja jina la Elia. Hata kwenye mazishi alisema 'kijana wetu'. Mie nikimtaja, anatoka nje. Nikaacha. Lakini humu kwenye daftari, pembeni, kuna vijineno. 'Baiskeli.' 'Magunia.' 'Meno ya kwanza.' Alikuwa anavisema huku?"

"Alikuwa anavisema, mama."

"Kwako."

"Kwangu."

"Nisimulie."

Nikageuza kibao cha mlangoni, duka likawa limefungwa, saa nane mchana, jambo ambalo meneja alinihoji baadaye. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Nilimsimulia Alhamisi zote, moja moja, kadiri nilivyozikumbuka, na zile nilizozichanganya nilimwambia nimezichanganya. Safari hii sikuongeza kitu. Magunia ya mbolea aliyajua; alinisahihisha, yalikuwa ya saruji. Meno ya kwanza aliyajua. Lakini kwamba Mwalimu alijuta ile fimbo ya baiskeli, hilo hakulijua. Wala kwamba alinywa siku moja akasema mtoto alikuwa analinda mahindi. Hapo alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakatikisika, bila sauti.

Nilipomaliza hakuinuka. Alikuwa anatazama rafu, chupa zote zile zenye taa kwa nyuma, lakini sidhani kama alikuwa anaziona.

"Kupanda magari mawili kutoka Kibamba," akasema. "Kila Alhamisi, kwenye mvua, mzee wa presha. Aje kumwambia mtu asiyemjua."

"Alikuwa anaona haya, mama."

"Angeniambia mie," akasema Mama Elia. "Nilikuwa chumba cha pili tu."